Sauti isiyo na jina kwenye santuri za marehemu babu, ni nani huyu anayeimba?

Mjukuu wa Kaloleni

Wadau habari za usiku. Naomba msaada kwa wale wanaojua muziki wa zamani sana, na nikisema zamani simaanishi zilizopendwa za miaka ya sabini, naongelea kabla ya vita ya pili.

Babu yetu alifariki mwaka juzi na juzi Jumamosi ndio tulipata nguvu ya kupanga vitu vyake kwenye nyumba ya Kaloleni. Chini ya kitanda tukatoa ile gramafoni yake ya kuzungusha na mkono, pamoja na sanduku la mbao limejaa santuri nzito za kasi ya sabini na nane (mizunguko kwa dakika), zingine zimepasuka lakini ishirini na kitu ziko salama kabisa kwenye bahasha zake za karatasi. Babu alikuwa mpishi kwa kaburu mmoja huko Kilimani miaka mingi, na huyo kaburu alipokuwa anauza vitu arudi kwao South Africa wakati uhuru unakaribia akamwachia babu hiyo gramafoni na sanduku lote. Sisi tukiwa watoto tulikuwa tunakatazwa hata kuigusa, yeye mwenyewe alikuwa anaipiga Jumapili jioni akitoka kanisani, santuri mbili ama tatu tu halafu anafunga.

Sasa kuna sauti moja inarudi rudi. Nimehesabu santuri tisa. Ni mwanamume, anaimba Kizungu cha mapenzi, na venye anaimba ni kama mtu amekaa kando yako kwa kiti anakwambia siri, hapigi kelele hata kidogo, halafu anaingia katikati ya wimbo, anaimba kidogo, anatoka, bendi inaendelea na tarumbeta zake hadi mwisho. Lebo ni ile ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Imeandikwa Ray Noble na okestra yake, na chini yake kwa maandishi madogo wanasema tu kwamba kuna kipande cha kuimbwa. Nani ameimba hawasemi. Santuri tisa zote, hakuna jina hata moja.

Na sababu kubwa ya kuuliza ni hii. Babu alikuwa anatuambia, na baba pia aliambiwa tangu akiwa mdogo, kwamba huyo mwimbaji "ni mtu wa huku kwetu Afrika, alizaliwa pwani ya Wareno". Baba hakuwahi kukubali hiyo stori. Walikuwa wanabishana kila Krismasi, baba anasema mzee huyo ni Mzungu wa London sikiliza tu Kizungu chake, babu anasema bwana yangu aliniambia na bwana yangu alikuwa wa huko huko. Babu ameenda bila hiyo kesi kuisha na mimi inanisumbua, nikikumbuka venye alikuwa ananyamaza tukianza kucheka.

Kwa hivyo maswali yangu ni matatu. Huyu ni nani? Kwa nini jina lake halikuandikwa? Na walirekodi vipi sauti ya chini namna hiyo enzi hizo, ama ni gramafoni ya babu ndio inaifanya iwe hivyo?

Mzee Santuri

Pole sana kwa msiba mjukuu wangu, hata kama ni mwaka juzi. Nitakujibu lile la mwisho la babu yako kwanza kwa sababu naona ndilo limekutoa usingizi: babu alikuwa sahihi. Mwambie baba yako leo usiku asilale kabla hajasikia.

Huyo ni Al Bowlly. Kama ni Ray Noble wa miaka ya 1930 hadi 1934, lebo ya mbwa, na sauti ni ya kiume laini inayoingia katikati, basi karibu zote ni yeye. Alizaliwa Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, Msumbiji ikiwa chini ya Wareno. Hiyo ndiyo "pwani ya Wareno" ya babu yako. Baba yake Mgiriki, mama yake wa Lebanon. Akalelewa Johannesburg na kazi aliyojifunza ni ya kinyozi, alikuwa ananyoa watu mchana na kuimba na kupiga gitaa na banjo. Huyo kaburu wa Kilimani bila shaka alijua, kwa watu wa Johannesburg huyu alikuwa kijana wa kwao aliyefika mbali.

Na alifika mbali kwa njia ndefu kweli kweli. Katikati ya miaka ya ishirini alichukuliwa na bendi ya mpiga piano Edgar Adeler wakazunguka Rhodesia, wakavuka hadi India na Indonesia, na huko Surabaya wakakosana na Adeler akafukuzwa kazi, hebu fikiria umefukuzwa kazi Surabaya na wewe ni wa Johannesburg. Hakurudi nyumbani. Akaimba Calcutta, akaimba hoteli ya Raffles kule Singapore, akajikokota hadi Ujerumani ambako alianza kurekodi mwaka 1927, na 1928 akaingia London kuimba na bendi ya Fred Elizalde pale hoteli ya Savoy. Ukisoma hivyo unadhani ameshafika. Wapi. Uchumi wa dunia ukaanguka 1929, kazi ikaisha, akaimba barabarani London akitupiwa senti.

Halafu mwaka 1930 mlango ukafunguka. Ray Noble ndiye alikuwa anasimamia muziki mwepesi pale HMV, ndiyo kampuni ya hiyo lebo ya mbwa, akamchukua aimbe kwenye rekodi zake, na mwaka uliofuata Bowlly akapata kazi ya usiku na bendi ya Roy Fox iliyokuja kupiga kwenye mkahawa wa Monseigneur, ambayo baadaye ilichukuliwa na Lew Stone. Kwa hivyo mchana studio, usiku mkahawa, na BBC walikuwa wanarusha muziki wa dansi moja kwa moja kutoka sehemu kama hizo, mtu akiwa Leeds ama Glasgow amekaa jikoni kwake anasikia watu wanacheza London. Ndani ya miaka minne tu alirekodi nyimbo zaidi ya 500. Mia tano! Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya wimbo mpya kila siku tatu. Sijaona msanii wa siku hizi anayeweza kufanya kazi hiyo na bado kila wimbo usikike kama ndio wa kwanza na wa mwisho kwake.

Kuhusu jina, hapo ndipo roho huniuma. Enzi hizo santuri ya dansi ilikuwa inauzwa kwa jina la kiongozi wa bendi. Watu walinunua wacheze, na wimbo una dakika tatu tu za upande mmoja, bendi inapiga mzunguko wa kwanza, mwimbaji anasimama anaimba mzunguko mmoja, anakaa, bendi inamalizia. Kwa macho ya kampuni mwimbaji alikuwa kama chombo kimoja zaidi, ni kama kuandika jina la mpiga zumari wa pili. Analipwa ya siku hiyo ya kurekodi, anaenda zake. Ziko santuri zake zenye jina lake kubwa juu ya lebo, alirekodi peke yake pia, lakini zile zilizompeleka kwenye nyumba za watu wengi zaidi, ikiwemo nyumba ya babu yako, ni hizo zisizo na jina.

Usiku mwema, nina mengine ya kusema juu ya mwisho wake, nitarudi kesho, macho yamechoka.

Fundi wa Transista

Mimi nimetengeneza redio Kirinyaga Road tangu ikiitwa Grogan Road na kila mtu akiiogopa, acha nijibu hilo la tatu la sauti ya chini kwa sababu ni swali zuri na jibu lake ndilo limebadilisha uimbaji wa dunia nzima, pamoja na wa hapa kwetu.

Gramafoni ya babu haina kosa. Kabla ya 1925 kurekodi kulikuwa hakuna stima kabisa. Kulikuwa na pembe kubwa kama ile unayoiona kwenye gramafoni za zamani, mwimbaji anaingiza uso pale anapaza sauti kwa nguvu zake zote, mawimbi ya sauti yanasukuma kiwambo, kiwambo kinasukuma sindano, sindano inachora mfereji kwenye nta. Nguvu yote inatoka kwa kifua cha mtu. Ukinong'ona sindano haisongi, hakuna kitu kinaandikwa. Ndiyo maana rekodi za kale sana unasikia watu wanaimba kama wanaita mtu ng'ambo ya mto.

Mwaka 1925 ikaja rekodi ya umeme, maikrofoni na amplifaya ya vali. Sasa maikrofoni inashika hata pumzi, amplifaya ndiyo inafanya kazi ya kifua. Na redio ni hivyo hivyo. Ghafla mtu mwenye sauti ndogo lakini tamu ana nafasi, na wale wa kupaza sauti wakaonekana kama wanakugombeza ndani ya nyumba yako. Marekani kulikuwa na Rudy Vallée ambaye akiwa jukwaani alitumia lile koni la kupazia sauti, na Bing Crosby ambaye alianza kipindi chake cha redio CBS mwaka 1931 akaja kuwa mkubwa kuliko wote. Al Bowlly ndiye wa upande wa Uingereza. Hao ndio walioitwa wakruna, waimbaji wa kubembeleza.

Na msifikiri walipendwa na kila mtu. Kardinali wa Boston, O'Connell, mwaka 1932 alisimama hadharani akalaani uimbaji huo, akaona ni aibu kwa mwanamume kulia lia hivyo. BBC wenyewe waliowakuza, mwaka 1942 wakapiga marufuku wanaume wa kuimba kwa kulegea, vita imechacha na wakubwa wanaona inalegeza askari. Shida haikuwa maneno ya nyimbo tu. Shida ilikuwa ukaribu. Mwanamume asiyejulikana anaingia sebuleni kwako jioni, anamwimbia mke wako kwa sauti ya mtu aliye karibu kama mto wa kulalia, hiyo kitu ilikuwa haijawahi kutokea tangu dunia iumbwe.

Ujuzi wa huyu Bowlly ulikuwa hapo. Maikrofoni za wakati huo hazisamehe, ukisogea inchi mbili sauti inaondoka, ukitamka herufi ya P kwa nguvu inalipuka, na yeye unasikia anavyopunguza pumzi mwishoni mwa mstari. Mjukuu, weka ile santuri tena na usikilize mwisho wa mistari tu, achana na maneno. Utaelewa ninachosema.

Na tafadhali sana: usizisafishe na spiriti. Hizo santuri zimetengenezwa na lakiri, spiriti inaiyeyusha. Maji vuguvugu na tone la sabuni, kitambaa laini, zungusha kufuata mifereji, lebo isilowe. Sindano za chuma ubadilishe kila unapogeuza upande, ukitumia moja kwa santuri kumi umeshazikwangua. Na zisimame wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, zitavunjika kwa uzito wake zenyewe.

Binti Majengo

Nimesoma yote na nimefurahi kwa ajili ya babu, Mungu amrehemu. Lakini naomba niseme kitu na msikasirike wazee wangu.

Tunamwita mtu wa kwetu kwa sababu alizaliwa Lourenço Marques, sawa. Lakini huo muziki hapa Nairobi ulikuwa wa nani? Redio ilianza Nairobi mwaka 1928 na ilianzishwa kwa ajili ya masetla, wasikie habari za kwao na muziki wa kwao. Babu yake Mjukuu aliusikia kwa sababu alikuwa jikoni. Bibi yangu alikuwa Majengo hapa Pumwani na hoteli ambazo watu walicheza nyimbo kama hizo hakuweza kuingia kwa mlango wa mbele. Sasa mimi nikisikia tunatafuta undugu na huyo mwimbaji mpaka kwa cheti cha kuzaliwa, najiuliza mbona nguvu hiyo hatuitumii kwa wetu.

Mwaka huo huo wa 1928 ambao Al Bowlly aliingia London, Siti binti Saad alipanda meli kutoka Unguja akaenda Bombay kurekodi kwa kampuni hiyo hiyo ya mbwa, HMV, kwa Kiswahili. Mwanamke aliyekuwa anauza vyungu vya kufinyanga! Hizo santuri zikarudi pwani yote, watu wakajazana kwa mwenye gramafoni kusikiliza. Hiyo nayo si enzi ya santuri na redio? Na kama mnataka sauti laini ya kubembeleza ya mwanamume, tunaye Fundi Konde, Mgiriama, aliyekuwa kwenye kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa vita, akaja kuwa miongoni mwa wa kwanza hapa kupiga gitaa la umeme, akaimba Tausi Ndege Wangu. Sikilizeni Fundi Konde halafu mniambie kama kuna mtu anapaza sauti pale. Amefariki hapa hapa Nairobi mwaka 2000 na vijana wengi wa mtaa wangu wanajua huo wimbo lakini hawajui jina lake.

Bado Niko Umoja

Wadau kwa ufupi tu. Hii sauti mimi naijua na sikujua kama naijua. Ile filamu ya kutisha ya Stanley Kubrick ya 1980, The Shining, ule wimbo wa mwishoni kabisa picha ya zamani ya watu wakiwa kwenye dansi ikisogezwa karibu, ni yeye, Al Bowlly na Ray Noble, walirekodi 1934. Nimeitazama mara tatu nne na kila mara nilikuwa nakaa hadi wimbo uishe. Nimetoka kuitafuta sai hivi kwa simu baada ya kusoma hapa. Nimepata baridi mwilini.

Mzee Santuri

Nimerudi kama nilivyoahidi. Lakini kwanza Binti Majengo, binti yangu, nani akukasirikie? Umesema kweli na ulivyomtaja Siti umenipa kitu ambacho miaka yote hii sijawahi kukiwaza. Siti wa Unguja, muuza vyungu, jina lake liliandikwa kwenye lebo ya mbwa kwa sababu watu walimnunua yeye. Wateja walienda dukani wakasema nipe ya Siti. Na huyu wa London, nyumba hiyo hiyo ya biashara, wimbo unauzwa dunia nzima na jina lake halipo kwa sababu mteja alienda dukani akasema nipe ya Ray Noble. Kwa hivyo hapo Siti amemzidi, na ni haki yake.

Hilo la jikoni pia sipingi, hata mimi nilisikia muziki mwingi nikiwa nje ya dirisha. Ila kumbuka babu yake Mjukuu alipoachiwa lile sanduku, angeweza kuliuza. Aliweka chini ya kitanda chake Kaloleni miaka zaidi ya hamsini akabadilisha sindano kwa pesa yake. Hapo muziki ulikuwa wake, haukuwa wa kaburu tena.

Sasa mwisho wake. Mwaka 1934 Ray Noble alialikwa Marekani akaenda na Bowlly. Chama cha wanamuziki cha huko kilikataa aingize bendi nzima ya Waingereza, kwa hivyo akaenda na watu wawili tu, Bowlly na mpiga ngoma wake Bill Harty, na bendi mpya New York iliundwa kwa msaada wa Glenn Miller, ambaye wakati huo bado hakuwa yule Glenn Miller mnayemjua. Walipiga Rainbow Room, ghorofani juu kabisa Rockefeller Center. Aliimba vizuri sana huko. Lakini Marekani walikuwa na Crosby wao, na alipoamua kurudi London 1937 akakuta miaka hiyo mitatu imemgharimu. London haikuwa imemngojea. Waimbaji wapya walishakaa kwenye viti.

Halafu koo likamgeukia. Sauti ikakatika mwaka huohuo wa 1937, bendi yake mwenyewe aliyokuwa ameiunda ikasambaratika, ikabidi avuke tena hadi New York afanyiwe upasuaji. Nikifikiria mtu ambaye mali yake yote ni pumzi ya mwisho wa mstari, kama alivyoeleza Fundi hapo juu, halafu daktari anaingiza kisu kwenye koo hilo, natetemeka. Akapona akarudi kuimba, akarekodi na yeyote aliyemwita. Mwaka 1940 akaungana na Jimmy Mesene, naye mwenye damu ya Kigiriki, magitaa mawili na sauti mbili, wakawa wanazunguka kumbi na sinema wakati London inapigwa mabomu kila usiku.

Tarehe 2 Aprili 1941 waliingia studio wakarekodi wimbo wa Irving Berlin wa kumkejeli Hitler. Siku kumi na tano baadaye Al Bowlly hayupo. Usiku wa tarehe 16 walikuwa wameimba kwenye sinema ya Rex kule High Wycombe, nje ya London. Walipewa mahali pa kulala huko huko. Bowlly akakataa, akapanda treni ya mwisho arudi kulala kitandani kwake, mtaa wa Duke, St James's. Usiku wa manane ndege za Wajerumani zikaangusha bomu la parachuti nje ya jengo lake. Walipomkuta hakuwa na jeraha la kuonekana mwilini. Mlipuko ulikuwa umeng'oa mlango wa chumba chake ukampiga kichwani.

Wiki sita kabla ya hapo, tarehe 8 Machi, bomu lilikuwa limeua mwenzao Ken "Snakehips" Johnson ndani ya Café de Paris akiwa kazini jukwaani, huyo alikuwa Mweusi kutoka British Guiana, kiongozi wa bendi ya watu Weusi iliyosikika sana BBC. Binti, nimemtaja kwa ajili yako, ili ujue hata kwenye kumbi zile za London walikuwepo watu wetu waliosimama mbele ya bendi, si jikoni peke yake.

Bowlly akazikwa kwenye kaburi la pamoja na wengine waliouawa na mabomu, makaburi ya Hanwell magharibi ya London. Mtu aliyerekodi nyimbo zaidi ya elfu moja. Hata pale hakupata jiwe la peke yake. Ile sahani ya buluu ya kumbukumbu ambayo London huwabandikia watu wao mashuhuri ukutani, aliwekewa mwaka 2013, Charing Cross Road alikowahi kuishi, zaidi ya miaka sabini baada ya kufa.

Fundi wa Transista

Binti Majengo umenena. Fundi Konde ni mtoto wa maikrofoni hiyo hiyo, bila mwaka 1925 hatungekuwa naye vile tunavyomjua. Angalia alivyoiweka sauti kando ya gitaa, haishindani nalo. Nina santuri zake mbili hapa dukani na nimekataa kuziuza mara nyingi tu, mtu yeyote wa hapa akipita aje asikilize, nitafunga mlango kelele za matatu zipungue.

Kitu kingine nimesahau. BBC walianza idhaa yao ya masafa mafupi ya kutupa sauti kwenye makoloni Desemba 1932, kutoka Daventry. Kwa hivyo kaburu wa Kilimani hakutegemea santuri tu. Usiku hewa ikiwa safi London ilikuwa inaingia hapa Nairobi ikipanda na kushuka kama mawimbi ya bahari. Mwenye redio ya vali nzuri alisikia.

Mjukuu wa Kaloleni

Wazee wangu shikamooni, na wewe dada Binti Majengo asante sana, hata hukunikasirisha, umenifanya nimuulize baba kama babu alikuwa na santuri za Kiswahili na kumbe zilikuwepo, ziliendaga na shangazi alipoolewa Voi. Nitazifuatilia.

Nimefanya hivi. Jana jioni nimeenda kwa baba na gramafoni. Sikumwambia kitu. Nikaweka sindano mpya kama Fundi alivyosema, nikamwambia baba leo usisikilize maneno, sikiliza mwisho wa mistari. Akasikiliza upande mzima. Halafu nikamsomea hapa kwa simu kila kitu, kuanzia Lourenço Marques, kinyozi wa Johannesburg, Surabaya, mpaka mlango. Pale kwa treni ya mwisho akaniambia ngoja kidogo. Akatoka nje akasimama kwa veranda.

Aliporudi hakusema babu alikuwa sahihi. Baba si mtu wa kusema hivyo. Alisema, "Mzee alikuwa ananiambia pwani ya Wareno na mimi nilidhani amechanganya na Fort Jesus." Akarudisha sindano mwanzo yeye mwenyewe, na mkono wake ukiwa umekufa ganzi kidogo siku hizi ilimchukua muda, sikumsaidia.

Leo asubuhi tumeketi wote wawili na penseli tukaandika kwenye zile bahasha za karatasi, tisa zote: Al Bowlly, mwimbaji, mzaliwa wa Lourenço Marques. Kwa lebo zenyewe hatujagusa. Zimebaki nne ambazo anayeimba ni mwanamke na jina pia halipo. Mzee Santuri, kesho nikipata mwanga mzuri nitapiga picha za namba zake niziweke hapa.